Open Rails kwa anayeanza: kuweka njia na vichwa vipya, na cha kufanya treni ikigoma

Maswali yanayonifikia ni yale yale matatu. La kwanza, nimeshusha njia ya reli lakini kwenye menyu haionekani. La pili, njia imefunguka ila treni haisogei hata nikigandamiza kibodi mpaka ilie. La tatu, mabehewa yamekuja matupu hayana rangi. Nimeyajibu mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo naandika mara moja tu hapa, na ukiniuliza tena nitakutumia hii hii.

Tunaongelea Open Rails, simyuleta ya treni ya bure ambayo msimbo wake wa programu uko wazi kwa kila mtu. Yenyewe ni injini tu, inasoma faili za mtindo wa Microsoft Train Simulator, gemu iliyotoka mwaka 2001. Ndiyo maana ukiingia ndani unakuta folda na majina ya kizamani kweli kweli, na ndiyo maana hakuna kitufe kimoja cha "weka modi" kikumalizie kila kitu. Modi, yaani njia, vichwa, mabehewa na sauti zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe, unaziweka kwa mkono. Gemu inatafuta kila faili mahali pake maalumu, isipoikuta inalalamika au inanyamaza, na kunyamaza ndiko kunakosumbua zaidi. Nadharia imeishia hapo.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Kompyuta yenye Windows, na Open Rails iliyoshushwa kwenye tovuti yake rasmi. Usichukue ya kuokoteza.
- 7-Zip. Modi zinakuja zikiwa zip, rar, 7z, na za zamani nyingi ni exe. Exe nyingi za aina hiyo 7-Zip inazifungua kama kifurushi cha kawaida, huhitaji hata kuziendesha.
- Notepad++. Notepad ya kawaida inaweza kukusaidia ila ni rahisi kuharibu faili nayo, nitaeleza mbele.
- Folda yako mwenyewe nje ya Program Files. Windows inalinda Program Files, unahariri faili, unadhani umehifadhi, kumbe wapi. Mimi natumia D:\Treni na mifano yote hapa chini inafuata hiyo.
- Kama unayo Microsoft Train Simulator yenyewe, itunze kama mboni ya jicho. Njia nyingi za bure zinaazima nyumba, miti na tekscha (picha zinazovalishwa juu ya maumbo) kutoka kwenye njia zake 6 za asili, zile folda za USA1, USA2, EUROPE1, EUROPE2, JAPAN1 na JAPAN2. Huna? Bado unacheza, ila chagua njia zilizoandikwa kwamba zinajitegemea.

Hatua

1. Weka Open Rails na uiendeshe bila modi yoyote.
Watu wanaruka hapa kila siku. Tovuti ya Open Rails ina njia ndogo ya bure ya kujaribia inaitwa Demo Model 1, ishushe, iendeshe, hakikisha picha zinatoka na sauti inasikika. Ikigoma hapo basi shida ni kompyuta au mipangilio, na utakuwa umejua hilo kabla hujamwaga gigabaiti za modi halafu ukashindwa kujua mchawi nani.

2. Jenga folda kuu.
Ndani ya D:\Treni panatakiwa pawe na folda nne, GLOBAL, ROUTES, SOUND na TRAINS. Ndani ya TRAINS kuna mbili, TRAINSET na CONSISTS. Kama una Microsoft Train Simulator, kopi folda hizo nne kutoka kule ilikowekwa na umemaliza. Kama huna, chukua za kifurushi kinachojitegemea, maana hicho huja na GLOBAL yake na SOUND yake.

Elewa hili mapema, vifurushi vya njia viko vya aina mbili. Kuna kinachokuja na seti nzima ya folda nne, hicho kiache kikae peke yake mahali pake, usikichanganye na vingine. Na kuna kinachokuja na folda ya njia tu, hicho ndicho kinaingia kwenye ROUTES yako. Ukivichanganya, GLOBAL ya kimoja inaifuta ya kingine na siku hiyo njia tatu zilizokuwa nzima zinakufa pamoja.

3. Iambie Open Rails folda iko wapi.
Fungua Options, nenda Content, bonyeza Add, chagua folda. Kosa la hapa ni kuchagua ROUTES yenyewe au kuzama mpaka kwenye folda ya njia. Unachagua ile iliyo JUU ya ROUTES, kwa mfano wetu ni D:\Treni, basi. Ipe jina utakalolitambua, hifadhi, urudi kwenye menyu.

4. Weka njia.
Usifungulie kifurushi moja kwa moja ndani ya ROUTES. Kifungulie pembeni kwanza uone kina nini, na usome ile readme, yaani faili ya maelezo inayokuja na kifurushi, najua hakuna anayesoma ila huku ndiko wanakoandika njia inahitaji nini kingine. Halafu tafuta faili inayoishia na .trk. Folda iliyoibeba faili hiyo ndiyo folda ya njia, na ndiyo unayoihamishia ROUTES. Ikae hivi:

D:\Treni\ROUTES\NjiaYangu\NjiaYangu.trk

Isikae hivi:

D:\Treni\ROUTES\NjiaYangu\NjiaYangu\NjiaYangu.trk

Hiyo ya pili, folda ndani ya folda, ndiyo jibu la swali namba moja la "haionekani kwenye menyu" karibu kila ninapoulizwa. Programu za kufungua zip hupenda kutengeneza folda ya ziada yenye jina lile lile, wewe huoni tofauti, gemu inaiona.

Ukikuta ndani ya folda ya njia kuna faili inaitwa InstallMe.bat au jina linalofanana na hilo, ujue njia hiyo inaazima vitu. Faili hiyo inakopi vitu kutoka kwenye zile njia 6 za asili, kwa hiyo lazima ziwepo jirani yake ndani ya ROUTES hiyo hiyo kabla hujaiendesha. Ifungue kwanza na Notepad++ uone inakopi nini na kutoka wapi, ni maandishi tu. Halafu iendeshe ukiwa umeshahamishia njia mahali pake, sio ikiwa bado kwenye folda ya vitu ulivyoshusha. Ikimwaga mistari ya "haikupatikana" usifunge dirisha kwa hasira, soma inalilia folda gani.

5. Angalia tsection.dat.
Hii inakaa GLOBAL na ndiyo kamusi ya vipande vyote vya reli. Njia ikijengwa kwa kamusi mpya na wewe una ya zamani, reli zinakosekana au gemu inaanguka wakati wa kupakia. Readme itakuambia njia inataka toleo gani. Sasa usikimbilie kubadilisha ya GLOBAL kwa sababu njia moja imetaka, Open Rails inakubali kila njia iwe na yake. Tengeneza folda inaitwa OpenRails ndani ya folda ya njia, weka tsection.dat ya njia hiyo humo, gemu itaisoma hiyo kwanza na njia zako nyingine hazitaguswa. Umbo la vipande vyenyewe lakini, zile faili za .s, zinabaki GLOBAL\SHAPES, kwa hiyo kama njia inataka XTracks, yaani seti ya ziada ya vipande vya reli, nenda kaziweke hapo.

6. Weka vichwa na mabehewa.
Kila kichwa au kundi la mabehewa lina folda yake, na folda hiyo inaingia TRAINS\TRAINSET. Ndani yake utakuta .eng ambayo ni kichwa, .wag ambayo ni behewa, .s ni umbo, .ace ni tekscha, halafu mara nyingi kuna CABVIEW ya chumba cha dereva na SOUND ya sauti. Sheria ni ile ile, .eng ionekane mara tu unapofungua folda iliyo chini ya TRAINSET, isifichwe ndani zaidi.

Na usibadilishe jina la folda. Najua majina yake ni mabaya, herufi na namba zimeshonana kama nywila, ila acha hivyo hivyo, sababu utaiona hatua inayofuata.

7. Panga treni.
Kichwa peke yake sio treni. Mpangilio wa kichwa na mabehewa unaandikwa kwenye faili ya .con ndani ya TRAINS\CONSISTS. Vifurushi vingi vinakuja nazo tayari, ila kujua kuandika yako ndipo raha yenyewe inapoanzia. Njia rahisi ni kuchukua .con inayofanya kazi, uikopi, uipe jina jipya, uibadilishe. Ndani ni hivi:

```
SIMISA@@@@@@@@@@JINX0D0t______

Train (
  TrainCfg ( "treni01"
    Name ( "Treni yangu ya kwanza" )
    Serial ( 1 )
    MaxVelocity ( 22.2 1.0 )
    NextWagonUID ( 3 )
    Durability ( 1.0 )
    Engine (
      UiD ( 0 )
      EngineData ( kichwa01 KICHWA_DIZELI )
    )
    Wagon (
      WagonData ( behewa01 MABEHEWA )
      UiD ( 1 )
    )
    Wagon (
      Flip ( )
      WagonData ( behewa01 MABEHEWA )
      UiD ( 2 )
    )
  )
)
```

Tazama EngineData. Neno la kwanza ni jina la faili ya .eng bila ule mkia wake, la pili ni jina la folda. Ukibadilisha jina la folda, kila .con iliyokuwa inaitaja inabaki yatima. Jina likiwa na nafasi katikati lifunge kwenye alama za nukuu. Flip inageuza behewa litazame nyuma. UiD kila mmoja awe na yake isijirudie. Ile 22.2 ni mita kwa sekunde, kama kilomita 80 kwa saa. Na hesabu mabano, kila linalofunguka lifungwe. Mabano mamoja tu yakikosekana mwisho wa faili, treni nzima haipo.

Onyo kubwa hapa ni usimbaji wa maandishi, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa ndani ya faili. Faili hizi kwa kawaida zinahifadhiwa kama UTF-16 LE. Kwenye Notepad++ angalia menyu ya Encoding, iwe UTF-16 LE BOM, na ule mstari wa kwanza wa SIMISA usiuguse, ni kama kitambulisho. Watu wanafungua faili, wanabandika maandishi kutoka kwingine, wanahifadhi kwa usimbaji mwingine, halafu wanakesha wakitafuta kosa kwenye mabano wakati mabano yako sawa kabisa.

8. Jaribu kwa njia nyepesi kwanza.
Kwenye menyu chagua njia, halafu chagua Explore Route badala ya shughuli iliyopangwa, weka majira ya kiangazi, hali ya hewa safi, saa 6 mchana. Usianze na theluji wala usiku. Shughuli zilizopangwa zinaita treni nyingine nyingi ambazo huenda huna, na theluji ina tekscha zake kwenye folda yake ambazo watengenezaji wengine hawakujisumbua nazo.

9. Ukitaka kubadilisha tabia ya kichwa, usiguse faili ya asili.
Hii naipenda kuliko zote. Tengeneza folda inaitwa OpenRails ndani ya folda ya kichwa, humo andika faili yenye jina lile lile la .eng. Mstari wa kwanza uache mtupu, ndiyo, mtupu kabisa, wa pili uite faili ya asili, halafu chini andika yale tu unayotaka yabadilike:

```

include ( ../kichwa01.eng )

Wagon (
  MaxReleaseRate ( 2.17 )
)
```

Gemu inasoma ya asili kisha inapachika yako juu yake. Hapo nimebadilisha kasi ya breki kuachia tu. Ukiharibu, futa folda ya OpenRails na kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Nilipoanza nilikuwa nahariri .eng yenyewe bila bakapu, na kuna kichwa kimoja mpaka leo kinapiga breki kama kinatambaa kwenye matope, sikumbuki nilibadilisha nini.

Ikigoma

Kabla ya yote, fungua logi. Open Rails inaandika faili inaitwa OpenRailsLog.txt, kwa kawaida inawekwa kwenye desktop, na kama haipo nenda Options uwashe uandishi wa logi. Inaandikwa upya kila unapocheza, kwa hiyo isome mara tu baada ya tatizo, usicheze tena kwanza. Tafuta humo maneno Error, Warning na missing. Usishtuke ukiona Warning mia mbili, modi za bure zimejaa makosa madogo ambayo gemu inayaruka bila shida. Gemu ikianguka, nenda mwisho kabisa wa faili upande juu taratibu, jina la faili la mwisho kutajwa kabla ya Error ndiye mshukiwa wako.

*Njia haimo kwenye menyu.* Rudi hatua ya 3 na ya 4. Folda ndani ya folda, au umechagua folda isiyo yenyewe.

*Kwenye menyu jina la kichwa au treni limeandikwa missing.* Kuna .con inataja kitu ambacho huna. Ifungue, soma EngineData na WagonData, linganisha na TRAINSET herufi kwa herufi. Treni ikifunguka lakini imepungua mabehewa ni tatizo hilo hilo, logi itasema "Ignored missing wagon" na kukutajia jina.

*Treni haisogei.* Hapa taratibu, maana mara nyingi hakuna kilichoharibika, ni wewe hujaendesha. Bonyeza F5 uone hali ya breki na kila kitu. W inaelekeza mbele, D inaongeza nguvu, alama ya ; inalegeza breki. Breki za hewa kwenye treni ndefu hazilegei papo hapo, hewa inasafiri behewa kwa behewa, subiri. Ukichoka kusubiri, Shift na / zinaweka breki zote tayari kwa mkupuo. Bado? Angalia breki za mkono, Shift na ; inaziachia. Kichwa cha umeme kinyanyue pantografu, ule mkono wa juu unaogusa waya wa umeme, kwa P, na kwenye baadhi ya vichwa unafunga swichi kuu kwa O. Alama hizi ni za kibodi ya Marekani, kama yako ina mpangilio mwingine bonyeza F1 ndani ya gemu ikuonyeshe vitufe vyako vilipo.

*Behewa halina rangi.* Faili za .ace hazipo au ziko folda nyingine. Baadhi ya watu hutoa ngozi mpya, yaani tekscha za rangi nyingine, bila umbo, wanategemea tayari una kifurushi cha asili, soma readme yao.

*Hakuna chumba cha dereva, au kichwa kiko kimya.* Fungua .eng utafute CabView na Sound. Nyingi zinaelekeza kwenye folda za pamoja kama common.cab na common.snd, ambazo zinashushwa peke yake na kuwekwa kwenye TRAINS\TRAINSET. Ukikuta anwani ya faili yenye nukta nukta kama ../../ hiyo ina maana panda juu folda mbili kisha utafute.

*Picha inakatakata.* Punguza umbali wa kuona, kilomita 2 zinatosha kuanzia, zima vivuli, punguza wingi wa vitu vya mandhari. Kama laptopu yako ina kadi mbili za grafiki, iambie Windows itumie ile yenye nguvu, na programu ya kuichagulia ni RunActivity.exe. Watu wanachagua OpenRails.exe halafu wanashangaa hakuna kilichobadilika, hiyo inafungua menyu tu, treni yenyewe inaendeshwa na RunActivity.

*Nimechezea mipangilio, nikafuta gemu nikaweka upya, bado mbovu.* Ndiyo, itabaki mbovu. Mipangilio haikai kwenye folda ya gemu, iko kwenye rejista ya Windows, HKEY_CURRENT_USER\SOFTWARE\OpenRails\ORTS. Kuweka upya hakuigusi. Nilifanya hivyo mara tatu usiku mmoja kabla sijajua. Toa bakapu ya ufunguo huo wa ORTS kwa Export, halafu uufute huo tu, usipanguse kingine chochote kwenye rejista, ukifungua gemu inaanza na mipangilio mipya. Folda zako ulizoongeza hatua ya 3 utaziongeza tena.

*Safari niliyohifadhi haifunguki.* Ukihifadhi kwa F2 halafu ukabadilisha treni au ukaapdeti gemu, usitegemee kuendelea ulipoishia. Maliza safari kwanza ndipo uchezee faili.

Ukikwama kabisa na ukataka msaada wa mtu, mtumie faili ya logi nzima, toleo la Open Rails unalotumia, na jina la njia na kichwa. Logi nzima jamani, sio picha ya skrini iliyopigwa kwa simu kwa pembeni huku taa ya dari inamulika katikati ya mstari tunaoutaka.